Programu ya Kupandia Mwika

Mwika, 11 Agosti 2024

Mwanangu Elisifa,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana barua haina subira ya kungoja zamu yake. Sisi huku ni wazima. Mama yako anakusalimu, na ng'ombe nao wanakusalimu kwa njaa. Jua limekausha kihamba, shamba letu la nyumbani, mpaka majani ya migomba yamejikunja, na nyasi za kukata hakuna tena kuanzia hapa mpaka msituni. Kwa hiyo kila Jumamosi mimi na jirani yetu Shedrack tunateremka Kahe kufuata mabua ya mahindi. Tunajaza trela, yeye analifunga kamba, anakaa juu ya mabua, mimi navuta. Zizi letu, la Shedrack na mazizi ya majirani wengine kadhaa yanakula kwa pikapu hii. Ukiambiwa nimesinzia kanisani Jumapili, ujue ni uchovu, si kukosa imani.

Sasa shida. Pikapu imelegea. Kutoka Himo mpaka Marangu Mtoni inapanda, lakini haisemi kitu. Turbo hailii. Unaikumbuka ile filimbi yake tukikata kona za Mamba? Haipo. Juzi lori la mchanga limetupita mlimani. Lori la mchanga, Elisifa! Na dereva wake akanipungia mkono wa pole.

Nilimpelekea Tito pale gereji yake ya Himo. Akachomeka waya, akatazama laptop, akaniambia presha ya turbo ni nzima na injini haina tatizo. Nikamwambia, kijana, mimi nilikuwa naendesha dizeli wewe ukibebwa mgongoni. Yeye anasoma kioo, mimi naisikiliza injini. Wewe unanijua. Nani aligundua kwamba nozeli ya basi la shule inatema vibaya, akiwa ameketi barazani na basi liko barabarani?

Huko mgodini Geita kazi yako ni kuandikia magari hizo programu za kompyuta. Niandikie na mimi moja yenye nguvu, umtumie Tito aiweke.

Usinipigie simu. Spika yake imekufa, nasikia mikwaruzo tu. Na meseji unavijua vidole vyangu, vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Andika barua, mpe kondakta wa basi la Rombo, ataishusha kwa Tito.

Baba yako,
Sifael


Geita, 17 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia.

Barua yako imenichekesha na kunipa kazi. Nimemwomba Tito anitumie vipimo vya pikapu na nimevikagua usiku mzima wa zamu. Kwenye kioo kila kitu ni kizima. Lakini kati ya kioo na sikio lako, mimi nimelelewa na sikio lako, kwa hiyo sijamaliza kuchunguza.

Nikueleze kitu ninachokifanya, usije ukadhani ni uganga. Programu ni maagizo tu yaliyomo kwenye kompyuta ya injini: mafuta yaingie kiasi gani, yaingie lini, turbo isukume upepo kiasi gani. Kiwandani wanaacha nafasi kubwa, injini ivumilie mafuta machafu na madereva wabaya. Mimi naweza kuitumia nafasi hiyo kwa njia zaidi ya moja. Nimekuandikia programu ya kuvuta mzigo. Inaongeza nguvu chini, wakati injini inazunguka polepole, pale unapotoka kwenye kona na trela linakurudisha nyuma. Joto halipandi sana, klachi haiteseki. Ndiyo ninayowawekea watu wanaovuta matangi ya maji hapa.

Iko nyingine, vijana wa hapa wanaiita kichaa. Ni nguvu zote kwa mpigo, nzuri kwa kujionyesha kwenye barabara tambarare. Ukikaza mguu nayo kwenye mlima mrefu na mzigo nyuma, bomba la moshi linakuwa la moto mno, na pistoni zinaweza kuyeyuka. Hiyo usiniombe.

Pamoja na barua hii kuna simu mpya. Nataka kukusikia. Nikimpigia mama anasema uko shambani, uko kanisani, umelala. Baba, siku hizi unalala sana.

Mwanao,
Elisifa


Mwika, 25 Agosti 2024

Mwanangu Elisifa,

Marahaba. Tito ameiweka programu yako ya kuvuta. Alitumia muda mrefu kuliko mama yako akipika kiburu, lakini ameiweka. Jana tumeijaribu. Nitasema kweli, kwenye kona za Mamba pikapu haikuzama kama zamani, na lori la mchanga tumeliacha likitafuta gia. Kwa hilo asante.

Ila bado imenyamaza. Nilikaza mguu mpaka mwisho, sikusikia filimbi wala mngurumo, kama gari limefunikwa blanketi. Injini yenye afya hainyamazi hivyo. Kuna upepo unavuja mahali, au turbo imechoka, na hii programu yako ya kistaarabu haitoshi kuiamsha. Nipe ile ya vijana. Nikipata nguvu nitapandisha safari mbili kwa siku badala ya moja. Ndama wa Shedrack amekufa Jumatano. Maziwa yamepungua kila nyumba. Mabua ya Kahe nayo hayatangoji, watu wa Bomang'ombe wameshaanza kuyafuata na malori.

Shedrack amenuna. Anasema kamba ililegea njiani, akaita, akaita, mimi nikaendelea mpaka mabua yakamwagika barabarani. Nilikuwa nawaza mambo yangu. Mtu mwenye mawazo anasikia nini? Na yule dereva wa basi aliyenitukana pale njia panda ya Himo, aende kwanza akafundishwe adabu na mama yake ndipo apige honi.

Simu uliyoleta ni nzuri kwa tochi. Sauti yake ni mikwaruzo ile ile. Siku hizi wanatengeneza takataka.

Fanya haraka, mwanangu.

Baba yako,
Sifael


Geita, 1 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Nimekaa na maneno yako wiki nzima. Jana nilimpigia Tito tena. Ameapa kwamba alipanda pikapu na wewe mpaka Marangu Mtoni, na turbo ilikuwa inalia vizuri tu. Tukagombana. Nikamwambia, kama mzee Sifael amesema hailii, basi hailii. Halafu akasema, "Dada Elisifa, labda mzee mwenyewe..." Nikamkata. Nilimwambia kazi yake ni kuweka programu, si kumpima baba yangu. Akasema sawa, ataweka nitakachotuma.

Nimeamua hivi. Nadhani upepo unavuja mahali ambapo kipimo hakifiki, kwa hiyo kompyuta inaamini injini inapata hewa ambayo haiipati. Ndiyo maana Tito anaona uzima na wewe unaona ugonjwa. Nimeongeza presha na mafuta kufidia. Si kichaa kabisa, nimeipunguza kidogo, lakini ni ndugu yake wa damu. Naituma kwa moyo mzito, na ningekuwa nimeandikiwa na mtu mwingine yeyote nisingeituma.

Tafadhali, trela lisijae kupita mbao zake. Angalia mshale wa joto kila ukitoka kwenye kona. Ukisikia injini inagonga, hata mara moja, ondoa mguu. Na jambo moja zaidi, utaona moshi mweusi nyuma ukikaza mguu mlimani. Usishtuke, na usisimame katikati ya mlima kwa sababu yake. Kusimama na trela kwenye mwinuko ule ni hatari kuliko moshi. Ni mafuta tu ambayo hayajaungua yote.

Nikimaliza zamu mwezi ujao nitakuja niitazame mwenyewe.

Mwanao,
Elisifa


Mwika, 9 Septemba 2024

Elisifa mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Naandika mimi mama yako, na baba yako hajui. Ulipopiga jana nilikata simu kwa sababu alikuwa ameketi mbele yangu ananitazama mdomo. Siku hizi anasoma midomo yetu.

Baba yako hasikii, Elisifa. Sikio la kulia lilianza kufa mwaka juzi, la kushoto limefuata baada ya Pasaka. Simu zake zote mbili ni nzima, mimi nazitumia. Alinifanya niahidi mbele ya Biblia kwamba sitamwambia mtu, na wewe wa mwisho kabisa. Alisema wakijua watamnyang'anya usukani. Nikanyamaza, nikidhani nalinda heshima ya nyumba yangu.

Sasa nikuambie lililotokea. Juzi Jumamosi, wakipandisha safari ya pili, mabua yameshika moto. Ya mbele ya trela yalikuwa yananing'inia karibu na bomba la moshi la pikapu, na Tito anasema kwa programu ile bomba lilikuwa linatoa joto kali na cheche. Shedrack alikuwa juu ya mabua kama kawaida yao. Aliuona moto ukianza mbele ya miguu yake. Aliita. Alivua kiatu akakirusha, kikapita juu ya gari. Pale Mamba watu walitoka madukani wakipunga mikono, na baba yako akawapungia. Anasema aliona moshi kwenye kioo, akajua ni ule moshi uliouandika wewe, ambao asisimame kwa ajili yake. Aliendelea kupanda, Elisifa. Trela linawaka na mtu yuko juu yake, yeye anapanda.

Shedrack akaruka. Bodaboda mmoja akampita baba yako akalaza pikipiki katikati ya barabara, ndipo aliposimama. Walichomoa trela, likaungua lote. Pikapu imepona. Shedrack amevunjika nyonga na miguu imeungua, amelazwa Moshi. Madaktari wanasema ataishi, kutembea hawajui.

Na bado sijamaliza. Baba yako amewaambia mtendaji na polisi kwamba ni kompyuta ya Tito iliyochoma gari. Wamechukua laptop ya Tito kwa uchunguzi, wamemhoji, gereji imefungwa. Mke wa Shedrack, Grace, anapita hapa mbele hanisalimu, na sina cha kumwambia. Mwandikie baba yako. Mimi nikianza kusema anageuka anatazama ukuta, ili asinione mdomo.

Mama yako,
Elinipendo


Geita, 13 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mama ameniambia yote. Usimgombeze. Ukitaka mtu wa kugombeza, nipo mimi.

Nina hasira na wewe. Umeniacha nikakuandikia "ukisikia injini inagonga", ukaisoma sentensi hiyo, ukakunja barua, ukamwambia Tito aweke programu. Ulijua husikii. Ulijua Shedrack yuko juu ya mabua. Kwa nini, baba?

Na nina hasira na mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuambia usisimame ukiona moshi. Tito alitaka kunifumbua macho, mimi nikamfunga mdomo. Vipimo vyote vilisema injini ni nzima, na mimi nikaviweka pembeni kwa sababu wewe ulisema ni mgonjwa. Nimefanya kazi hii kwa uangalifu kwa magari ya watu nisiowajua, nikaja kuifanya kwa upofu kwa gari la baba yangu.

Ungeniandikia neno moja tu, "sisikii", nisingekucheka. Ningekuachia programu ya kuvuta, nikakuwekea taa ndogo ya kukuonyesha wakati wa kubadili gia, na kengele ya kutikisa kiti mtu wa nyuma akikuhitaji. Vitu hivyo vipo. Navifunga kila siku kwenye magari ya watu wanaovaa viziba masikio.

Naomba mambo mawili. Usivute tena kitu chochote, maana programu ile bado imo. Na uende kituoni ukaseme kweli. Tito aliweka nilichomtuma. Nimewapigia polisi mimi mwenyewe kueleza, wakaniambia maelezo yaliyopo ni ya dereva, na dereva ndiye wa kuyabadilisha. Nimeomba ruhusa kazini nije, nimenyimwa mpaka zamu iishe. Kwa hiyo nangoja barua yako, na nalala vibaya.

Elisifa


Mwika, 18 Septemba 2024

Elisifa,

Marahaba.

Ndiyo, sisikii vizuri. Niambie ni wazee wangapi wa Mwika wanaosikia vizuri. Dizeli zimenila masikio, na dizeli hizo hizo ndizo zilizokupeleka shule. Mimi siendeshi kwa masikio tu. Kanyagio linaniambia, usukani unaniambia, kiti kinaniambia. Injini naisikia kwa nyayo.

Unanidai niseme kweli. Nimesema uongo gani? Programu uliandika wewe. Tito ndiye aliyeiweka. Bila joto lile moto ungetoka wapi? Wewe mwenyewe umekiri kwa mkono wako. Nilichoacha kusema ni habari za mwili wangu, na hizo si za polisi.

Sasa fikiri kama mtu mzima. Nikienda kule nikasema sisikii, leseni inachukuliwa hapo hapo. Halafu nani atateremka Kahe? Shedrack yuko kitandani. Vijana wenye leseni wako Arusha na Dar, wanarudi Desemba na suti. Jirani mwingine mwenye gari anatamani ng'ombe wetu wafe awanunue kwa bei ya ngozi. Tunawakatia migomba, na migomba yenyewe imekauka. Ng'ombe wa Shedrack nao nawalisha mimi, Grace hajui hata hilo.

Eliamini wa kule juu ameniazima trela. Jumamosi ya tarehe ishirini na nane nashuka. Kama unaogopa hiyo programu, kuna fundi mwingine Moshi mjini, mtumie ile ya kuvuta aiweke kabla ya siku hiyo. Usipomtumia nitakwenda na hii iliyomo, na nitakwenda polepole.

Mimi si mtu wa kukalishwa barazani nikiletewa uji, Elisifa. Siku nikikaa pale ndiyo nimekwisha. Usiniharakishe.

Baba yako,
Sifael


Geita, 22 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Sitamtumia fundi mwingine. Ningeweza, ni kazi ya dakika chache, na ndiyo maana nimekaa nikijishikilia mikono. Programu ya kuvuta iko pia kwenye laptop ya Tito. Laptop iko kituoni. Iko pale kwa maneno yako, na itatoka kwa maneno yako. Tito ana watoto na hajafungua gereji tangu tarehe tisa.

Nimemwomba mama auzike ufunguo wa pikapu kwenye shimo la takataka. Amekataa. Anasema ameshamficha mume wake barua moja, hatamficha na ufunguo. Kwa hiyo ufunguo uko hapo hapo msumarini na hakuna wa kukuzuia. Mimi niko mbali.

Lakini niambie, Jumamosi nani atakaa juu ya mabua? Maana lazima mtu akae, kamba za trela la kuazima huzijui. Umeshampata? Ni mtoto wa nani? Na umemwambia kwamba akikuita hutamsikia, au na yeye utamwachia avumbue mwenyewe?

Samahani, baba. Sijawahi kukuandikia hivi. Naogopa. Simu ikilia naogopa kuipokea, nisije nikaambiwa ni wewe, au ni mtu mwingine kwa mkono wako. Na bado unatumia programu yangu, kwa hiyo itakuwa na mkono wangu pia.

Nakuomba jambo moja dogo. Mama anasema hujaenda kumwona Shedrack hata mara moja. Nenda kabla ya Jumamosi. Kaa mahali utakapouona mdomo wake, umwache aseme anachotaka kusema. Ukitoka hapo, kama bado unataka kushuka Kahe, shuka. Sitaandika tena kukuzuia.

Mwanao,
Elisifa


Mwika, 29 Septemba 2024

Mwanangu Elisifa,

Marahaba. Kwanza ujue kwamba hakuna aliyekufa na hakuna aliyeumia, ili usome yanayofuata bila kuruka mistari.

Alhamisi nilipanda gari la abiria nikaenda Moshi. Nilimwambia mama yako nakwenda kutafuta kamba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: nitamwambia Shedrack programu ilikuwa mbaya, nitamwambia ng'ombe wake wanakula, nitamwachia matunda niondoke. Nilimkuta amefungwa mguu juu, amekonda. Nikavuta kiti upande wa dirisha, nikamwona mdomo vizuri. Alingoja nesi atoke. Kisha akaniuliza polepole, na nilisoma kila neno:

"Sifael, ulinisikia ukanipuuza, au hukunisikia?"

Wiki zote hizi, Elisifa, hilo ndilo alilokuwa analala nalo. Si nyonga. Amelala pale akiamini kwamba alikuwa anaungua, akaniita kwa jina, na mimi nikamsikia, nikajali safari ya pili kuliko yeye. Mtu niliyebatizwa naye siku moja. Mimi niliogopa watu wasijue mimi ni kiziwi, nikamwacha aamini mimi ni muuaji.

Nikamwambia sikusikia. Nikamwambia tangu lini. Nikamwambia hata ile siku ya kamba sikusikia. Akalia, mtu mzima, nesi akarudi mbio akidhani amezidiwa. Akanishika mkono akasema, "Basi." Na mimi nikalia, sina haja ya kukuficha.

Kutoka pale nilishukia Himo, nikaingia kituoni. Nimesema yote: masikio, yaliyomo kwenye kila barua yako, na kwamba Tito aliniambia tangu mwanzo injini ni nzima. Leseni wameishikilia mpaka nipimwe na daktari, na kesi ya kumjeruhi Shedrack inaweza kunifuata, nimeambiwa. Nimesaini. Laptop wameniruhusu nisindikizane na askari kumrudishia mwenyewe. Tito aliipokea bila kunitazama. Nikamwomba radhi mbele ya mke wake na majirani waliokuwepo, kwa sauti, na pengine nilipiga kelele, maana siku hizi sijui sauti yangu inafika wapi.

Ijumaa mpwa wa Eliamini alimpelekea Tito pikapu, mimi nikiwa pembeni. Tito akatoa ile programu ya nguvu, akarudisha ya kuvuta. Alipomaliza akaniuliza nani ataendesha kesho. Nikaweka ufunguo kwenye meza yake, nikamwambia, wewe, kama unaweza kukaa gari moja na mimi. Aliuchukua, akautia mfukoni. Akasema atakuja saa kumi na mbili asubuhi nisimcheleweshe.

Jana tumeshuka Kahe, yeye kwenye usukani, mimi pembeni. Mabua nimeyafunga mwenyewe mbali na bomba, na juu hakukaa mtu. Tito anaendesha kama amebeba mayai ya jirani. Kona za Mamba anabadili gia akiwa ameshachelewa, nilitaka kumpiga kibao. Nikaweka mikono magotini mpaka nyumbani. Ilikuwa safari ngumu kuliko zote nilizowahi kuendesha, na sikuiendesha mimi. Ng'ombe wa Shedrack wameshushiwa kwanza. Grace alikuja kusaidia kupakua. Amemsalimu mama yako.

Leo nimekaa barazani. Uji nimeletewa. Bado nipo.

Nikuambie jambo ambalo hata mama yako sijamwambia. Simu uliyonitumia, ile mpya, niliipokea siku ya kwanza ulipopiga. Niliiweka sikioni nikangoja. Nilijua ni wewe uliyekuwa unaongea, na sikupata hata neno. Niliizima nikaenda zizini nikakaa kule mpaka giza. Tangu hapo kila nikijaribu kuikumbuka sauti yako inanijia ile ya ulipokuwa darasa la pili. Ya sasa, ya mtu mzima, imenipotea, na daktari niliyemwendea kwa siri baada ya Pasaka aliniambia usikivu haurudi. Hilo ndilo lililonifanya nidanganye, mwanangu, kuliko hata leseni. Nilidhani nikisema kwa kinywa changu kwamba sisikii, ndiyo nitakuwa nimeiachia iende.

Zamu yako ikiisha uje. Usiniambie lolote ukiwa umenipa mgongo. Kaa mbele yangu penye mwanga, useme polepole, hata kama ni kunigombeza.

Baba yako,
Sifael